Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Nilikuwa natoka kuulizia kazi, mara ya nne wiki hii, kwa hiyo masikio yangu hayakuwa na shughuli. Mbele yangu kwenye basi, fundi cherehani, shavu limevimba kama kaficha limau, alikuwa anamwonyesha jirani yake wa kiti antibayotiki za jino.

"Nina na zile nyingine za sonona, dada. Hizo nitaziacha kwanza, nimalize siku saba za antibayotiki, kisha nizirudie."

Jirani alikuwa mhudumu wa wodi, sare imekunjamana kwa zamu. "Nani kakwambia uziache?"

"Mwenyewe tu."

"Hongera, daktari. Na wa meno ulimwambia?"

"Wifi alisimama pale pale! Kesho ukoo mzima ungejua mimi kichaa."

Mhudumu alipiga mwayo mpaka nikaambukizwa. "Mdogo wangu, usiache ghafla, wala usichanganye kwa kubahatisha. Dawa nyingine zinaelewana, nyingine zinagombana. Mtajie mfamasia majina ya zote."

"Jina silijui. Paketi niliichoma, vidonge nikavitia kwenye kopo la vifungo, wifi asisome."

Hapo hata mimi nilichoka.

"Basi usishuke, pitiliza mpaka kliniki walikokuandikia. Faili lako lipo."

"Wifi katangulia, ananisubiri kituoni."

Basi likasimama. Wifi alikuwepo kweli, anapunga mkono. Kondakta akauliza nani anashuka. Fundi akainamia mfuko wake wa dawa, asiinuke kitini. Na mimi nikabaki kitini ili basi lisikawie, ingawa kile ndicho kilichokuwa kituo changu.