Bi Orysia na Chupa Isiyoandikwa

Tarehe 28 Februari, baada ya miaka thelathini na minane na siku kumi na moja, Bi Orysia Tkachuk anaiaga stoo ya ngozi ya kiwanda chetu cha viatu hapa Chernivtsi. Nimeombwa mimi Panas, fundi wa mashine, niandike. Wamefanya la maana. Hakuna mashine humu isiyonijua.

Alianza kwa kushona, akapewa stoo, na tangu hapo hata vumbi hutoka kwa ruhusa yake.

Lakini sifa yake kubwa ni chupa. Vita vilipowaleta watu wa mashariki, mia na ishirini wakilala kwenye bweni la wanafunzi, alisimama kantini akatangaza: kila mfanyakazi, kila mwezi, chupa moja ya lita tatu kutoka ghala la nyumbani kwake. Matango, nyanya, cheri, chochote. Kifunikoni andika jina lako na kilichomo, ili chupa irudi. Kwetu chupa hurudi, tena hairudi tupu.

Mimi nikagoma kuandika. Mali nzuri hujitambulisha. Na kweli ikajitambulisha! Nilidhani nimetoa yale maji matamu tunayogema mitini kila Machi, kumbe nimetoa gongo yangu ya plamu. Kwa macho ni mapacha. Ajuza wanne wa Bakhmut wakajimiminia vikombe vya kushiba, na kabla ya saa sita mchana walikuwa wanacheza juu ya meza.

Mkuu wa bweni akafoka: "Sitaki tena hata tango moja la kiwanda chenu!" Na jikoni kwake wiki ile palibaki shayiri tu.

Bi Orysia hakumtaja mtu. "Kosa langu, bwana mkubwa. Niletee kijiko." Akazifungua chupa zote ishirini na sita za mzigo mpya zilizokuwa garini, akaonja moja moja mbele yake: tango, bitiruti, kabeji, tango tena. Kufika ya kumi na tisa mkuu mwenyewe akasalimu amri: "Mama, basi, utapasuka!"

"Bado saba," akajibu, akaonja zote saba.

Mzigo ukapokelewa, watu wakala. Miaka mitatu sasa haijatoka chupa hapa kabla hajaionja, na wale ajuza huzirudisha zimejaa jamu.

Mlipouliza mwenye chupa ile, nilisema labda Mykhailo wa gundi. Mykhailo, nisamehe. Ilikuwa yangu. Na ndiyo gongo bora Chernivtsi nzima. Ajuza wanaiulizia mpaka leo.

Nilijitolea kurithi kazi ya kuonja. Kura ya ndiyo ilikuwa moja, yangu. Za hapana, hamsini na tatu. Wivu tu.

Bi Orysia, asante kwa kulibeba kosa langu tumboni mwako. Tunakuombea magoti yasiyouma na ghala lisilopungua. Lakini usidhani umetuponyoka. Zawadi yangu iko juu ya meza yako: chupa ya lita tatu, na kifunikoni nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe: PANAS. TUPU. IRUDI.