Mstari Mmoja Ndani ya Karai

Bwana asifiwe! Nawasalimu ninyi wa mbele na ninyi mliosimama mlangoni, maana leo nawaona wote, na kila mtu namwona mmoja.

Wazee, shikamooni. Mimi niliacha shule mapema kwa sababu nilitaka kuiona dunia. Nimebeba mizigo Sirari, nimefyeka nyasi kambi ya watalii Ikoma. Dhahabu ilipopamba moto nikaja hapa Kewanja, kwenye duara la Chacha, yaani shimo lake la kuchimbia dhahabu. Kazi yangu ilikuwa karai. Mawe yakishasagwa, naosha unga wake, natikisa, nasoma mstari wa njano unaobaki ukingoni. Ukiwa mnene tunaendelea kuchimba. Ukiwa mwembamba tunahama.

Vumbi la mawe liliwasha macho, nami niliyasugua kwa ngumi kutwa. Ndugu zangu, tulisugua wote! Hakuna aliyedhani ni vibaya. Polepole nikaanza kuona mistari miwili ndani ya karai, kisha mitatu. Nikawaambia wenzangu. Wakashangilia, "Huyu ana nyota!" Tukaung'ang'ania mwamba ule msimu mzima, tukaambulia vumbi.

Siku moja Chacha akaninyooshea kidole usoni.

"Mura, kijana wewe, hivi ni vingapi?"

"Vitatu."

"Ni kimoja!" Akawageukia wenzetu. "Jamani, nyota yetu ni kipofu!"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi niliogopa. Mtu wa kutangatanga ana mali moja tu, macho yake.

Nikafunga na kuomba. Shangazi yangu aliyeolewa Migori, ng'ambo ya mpaka, akasema, "Maombi tunayo, sasa twende kwa daktari." Akanipeleka hospitali ya macho Nairobi. Mashine ikachora ramani ya jicho langu kwa rangi. Nikauliza maana ya kila rangi mpaka daktari akacheka. Nyekundu ilikuwa kilima: kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, kilikuwa kimekonda na kuchongoka, na kule kusugua ndiko kulikozidisha.

"Leza ya kawaida, ile ya kuwavua watu miwani, ingekuharibu," alisema. Kwanza akaikaza konea kwa matone ya dawa na mwanga, halafu akaisawazisha kidogo tu kwa leza. Hakuniahidi macho ya tai. Alisema, "Kama itadumu, tutajua baada ya miaka."

Niliporudi, Chacha alinipa karai. Nikaosha, nikatikisa. Mstari ulikuwa mmoja, mwembamba kama uzi. Nikasema, "Tuhame." Hakuna aliyeshangilia. Tukahama, na njiani nililia kwa furaha.

Watoto waliozaliwa msimu ule sasa wako sekondari. Kila mwaka narudi kupimwa, na ramani mpya inalinganishwa na ya zamani. Kilima hakijapanda tena! Miwani bado navaa. Taa za usiku bado naziona zina ndevu. Jicho la kulia, lililokuwa limeharibika zaidi, halisomi maandishi madogo. Nasema yote, maana kazi ya Mungu haihitaji kutiwa chumvi.

Basi wewe ambaye macho yanakuwasha, shusha ngumi. Nawa kwa maji safi, kapimwe mapema, na umtumaini Bwana wakati daktari anafanya kazi yake. Mimi niliomba nisipofuke, nikapewa mstari mmoja wa kweli. Kwa huo namshukuru mpaka leo!