Wayua Kasyoki Anashuka Kutoka Juu ya Mawingu

Baada ya miaka ishirini na minane katika Redio Uwanda, Bi. Wayua Kasyoki atastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 31 Julai. Sisi tutabaki na mitambo, mlingoti na viti vyetu vinavyolia, lakini alasiri za Alhamisi hatujui tutazifanyia nini.

Wayua aliletwa Kitengela akiwa mtoto mgongoni, wazazi wake walipotoka Ukambani kufuata kazi ya kiwanda. Aliajiriwa hapa kupokea simu za salamu. Wasikilizaji walimpigia kumsalimia shangazi wa Ngong au wifi wa Rombo, na walipomaliza hawakukata simu. Mmoja alitaka kujua kama mwezi waliokanyaga watu ni huu huu unaochomoza nyuma ya nyumba yake. Siku nzima Wayua alitembea kama mtu aliyeachiwa mzigo wa kupendeza. Alimwendea meneja wetu wa wakati huo, marehemu Bwana Timothy Ouko, akaomba nusu saa hewani. Alipewa saa tisa alasiri, saa ambayo Bwana Ouko aliamini nchi nzima imesinzia.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kipindi cha Juu ya Mawingu. Kila Alhamisi palikuwa na swali moja. Je, watu waende kuishi Mirihi? Mashine ikimwandikia mtoto insha, aliyepita mtihani ni nani? Hakukuwa na mtaalamu wa kusahihisha mtu, na kumcheka mpigaji kulikatazwa kabisa. Gathoni, muuza mboga wa sokoni Kitengela, alisema angeenda Mirihi mradi arudishwe Jumapili kuimba kwaya. Melvin, fundi wa simu pale Ngong, alisema setilaiti ni kama mabawabu ambao sisi hatukuwaandika, basi tujiulize wanamlindia nani. Mama mmoja wa Nkoroi, akianika nguo, aliuliza kule angani nguo hukauka vipi kama hakuna upepo. Wayua alifumba macho, akaiona kamba ya nguo katikati ya nyota.

Wengi mnamkumbuka kwa ukame ule mkali wa miaka michache iliyopita. Uwanda ulikuwa mweupe, na ng'ombe walianguka kando ya barabara ya Namanga. Siku moja Wayua aliuliza kama picha za setilaiti zinaweza kumwonyesha mfugaji malisho. Lemayian, kijana wa Bisil aliyesomea mambo ya ramani, alipiga simu akasema ameiona picha kwenye simu yake, na upande wa Rombo kuna kijani. Aliwasihi watu wahamishe mifugo mapema. Hazikupita dakika nyingi akapiga mzee mwenye sauti nzito. Alisema kitu kilicho huko juu hakijawahi kunusa nyasi, na yeye hatahamisha ng'ombe kwa sababu ya rangi ya simu. Mzee huyo alikuwa Simel, baba yake Lemayian.

Tulikuja kujua kwamba baba na mwana walikuwa wakiishi boma moja bila kusemezana. Kila Alhamisi walipiga simu, mmoja akiwa nyuma ya zizi, mwingine chini ya mgunga, wakijibizana kupitia kwa Wayua. Kaunti nzima ya Kajiado ilisikiliza. Matangazo ya biashara yaliongezeka, na ofisi ikafurahi. Wayua hakufurahi. Kila wiki aliposikia sauti ya mzee imekauka zaidi, alijua boma lile limepoteza ng'ombe wengine.

Usimamizi ulimtaka auendeleze mjadala mpaka msimu uishe. Alikataa. Alisema waziwazi kwenye mkutano wa asubuhi kwamba hawezi kuwafanya watu wawili wenye huzuni kuwa burudani, na kama kipindi kitafungwa kwa ajili hiyo, kifungwe. Alhamisi iliyofuata tulipiga muziki tu. Wayua alikuwa Bisil bila kipaza sauti, ameketi kwenye kigoda kati ya baba na mwana.

Yaliyosemwa huko tuliyasikia baadaye, kwa ruhusa yao. Alimwomba Lemayian amwonyeshe baba yake picha ile, bila kumfundisha. Mzee aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu. Aliitambua mito mikavu, akautambua mlima, na mahali alipochungia akiwa barobaro. Kidole chake kikasimama kwenye kijani.

"Nyasi ziko," alisema. "Lakini hii picha haioni watu. Hapa kuna wenyewe. Nani ataenda kuwaomba?"

Lemayian akajibu kwamba hajui mtu huko. Mzee akamrudishia simu.

"Mimi ninawajua. Wewe utanionyesha njia, mimi nitaongea."

Waliondoka pamoja na ng'ombe waliobaki. Wenyeji wa Rombo waliwapokea, kwa sababu mzee aliwaamkia kwa majina ya baba zao. Hawakuokoa wote, ndama wengi walifia njiani, na Lemayian alisema hewani kwamba laiti wangeanza kuongea mapema. Lakini boma lile lina maziwa leo. Kutoka hapo maboma mengine yakaanza kutuma watu wawili wawili, kijana mwenye simu na mzee mwenye marafiki. Kaunti ilimpa Wayua cheti kwa kazi hiyo. Akakitundika jikoni kwetu, juu ya birika, akidai ndipo sote tunapokutana.

Alhamisi iliyopita aliendesha kipindi chake cha mwisho. Kupitia dirisha la studio, vilima vya Ngong vilikuwa samawati, na mitambo ya upepo ikizunguka polepole kama inayowaza. Hakuwa na swali. Alifungua laini tu. Aliyepiga ni Seleyian, mkewe Mzee Simel, ambaye hakuwahi kutupigia.

"Supai, yeyo," alisema, akimsalimia kwa Kimaasai kama mama. "Miaka yote unatuuliza sisi. Leo niambie wewe. Ukipewa nafasi kwenye hiyo roketi ya kwenda angani, utaenda?"

Hapo tulitazamana. Hakuna aliyewahi kumsikia Wayua akitoa maoni yake hewani. Alifumba macho.

"Nitaenda," alisema. "Nataka kuona Kajiado yote mara moja, na nyinyi nyote mko ndani."

Seleyian akamwambia awapungie mkono akifika, maana watakuwa nje wakimtazama.

Dada yetu Wayua, asante kwa kutusikiliza wakati hata sisi tulijiona hatuna la maana la kusema. Tunakuombea afya, chai isiyopoa, na alasiri ndefu za kutazama juu bila kuangalia saa. Nenda salama. Mbingu ya Kitengela ni yako kama ilivyo yetu.

Nthambi Kimeu
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Redio Uwanda