Vumbi la Mwamba na Shangazi Niliyemfukuza

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu! Mnivumilie nikipumzika katikati ya maneno. Pumzi yangu ni fupi.

Mimi ni Mathias, mzaliwa wa Misungwi. Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua dhahabu, niliacha pamba shambani nikaenda machimboni na mdogo wangu, Masanja. Tulichimba duara, shimo la kushuka kwa kamba, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Mwamba ulikuwa mweupe, mgumu. Tukiupiga nyundo, vumbi linajaa hata mwenzako humwoni. Mchimbaji mmoja wa siku nyingi alituonya tuumwagie maji kwanza. Nikamcheka! Maji yalikuwa mbali, nami nilitaka kuwapita wenzangu. "Piga kavukavu!" ndivyo nilivyomwambia Masanja. Ndugu zangu, maneno hayo ni yangu mwenyewe.

Miaka ikapita, Masanja akaanza kukohoa. Akakonda, nikamrudisha kijijini kwetu. Dawa za kifua kikuu hazikumsaidia. Nikaenda kwa mganga, akasema anayemloga ni mwanamke wa ukoo wetu, mwenye macho mekundu. Nani mwingine kama si shangazi Kabula, dada wa baba, aliyetulea mama alipofariki? Macho yale yaliharibiwa na moshi wa kuni, akitupikia sisi! Nilimfukuza mbele ya majirani, nikatupa kanga zake nje. Yeye akanyoosha kibuyu. "Mathias, mpe mdogo wako maziwa haya kwanza."

Nikayamwaga.

Masanja alipozidiwa aliomba shangazi aletwe. Sikumleta. Akafa akimwulizia.

Kisha kikohozi kikanishika mimi. Hospitalini mjini Mwanza, daktari mmoja, mama wa Kihaya, aliitazama picha ya kifua changu.

"Baba, umefanya kazi gani?"

"Kuchimba dhahabu."

"Hili ni vumbi la mawe. Limeacha makovu kwenye mapafu, na hakuna dawa ya kuyaondoa."

Nikamweleza habari za mdogo wangu. Akashusha ile picha. "Pole. Huenda ni hilohilo lililomuua."

Nilikaa kwenye ngazi za hospitali, nikalia kama mtoto. Pale ndipo Bwana aliponikamata! Miaka yote nilimtafuta mchawi, na aliyesema "piga kavukavu" ni mimi. Nikaungama palepale, watu wakipita.

Shangazi alikuwa Igoma, pembeni mwa mji huohuo, akiuza dagaa. Nikapiga magoti mbele ya meza yake. "Shikamoo, shangazi." Alikawia sana kusema marahaba. Nikamweleza yote.

"Nilikusamehe zamani," akasema. "Lakini Masanja sikumzika. Hilo huwezi kunirudishia."

Kweli, ndugu zangu. Siwezi.

Nilirudi kijijini, nikapita nyumba kwa nyumba nikisema shangazi hakuloga mtu. Wengine bado hawaniamini. Uongo niliupanda kwa asubuhi moja tu, kuung'oa nimeshindwa.

Mapafu hayajapona, sitawadanganya. Lakini Yesu amenifungua kutoka kwenye chuki, na asubuhi naweza kuomba bila kuficha kitu. Asante, Bwana! Vijana mnaokwenda machimboni, mwagieni mwamba maji. Na wewe uliyemfukuza mama wa watu kwa ajili ya macho yake, mtegemee Mungu, uondoke leo ukamtafute. Umkute angali hai. Amina.