Mama Notisi, Mpangaji wa Mabibo: Maisha ya Felicitas Lusungu Mwakalobo (1962–2025)

Felicitas Lusungu Mwakalobo alizaliwa Ijumaa ya tarehe 9 Machi 1962, Tukuyu, wilayani Rungwe, katika nyumba ambayo haikuwa ya wazazi wake. Ilikuwa ya shamba la chai. Baba yake, mzee Lusungu, alikuwa karani wa mizani pale shambani, na nyumba ilikwenda pamoja na mizani. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne wa mzee huyo na mama Tupokigwe. Alibatizwa Jumapili ya Pasaka, tarehe 22 Aprili mwaka huohuo. Wazee walisimulia kwamba padri alipommwagia maji hakulia, ila alimtazama kwa jicho la kumuuliza umetumwa na nani. Jicho hilo baadaye lilijulikana nchi nzima.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1970 na kumaliza la saba mwaka 1976. Akiwa la tano, Novemba 1974, mzee Lusungu alifariki. Siku ya tatu baada ya mazishi, waombolezaji wakiwa bado wamekaa, shamba lilileta barua ya heshima sana: poleni kwa msiba, na nyumba ikabidhiwe ndani ya siku kumi na nne. Mama hakujua kusoma, hivyo barua ilisomwa kwa sauti na Felicitas, mwenye miaka kumi na miwili, mbele ya watu.

"Kwa hiyo hapa hatukuwa kwetu?" alimuuliza mama yake.

"Funga vyombo," mama alimjibu.

Kuanzia hapo Felicitas alitaka kitu kimoja, na hakuona haya kukisema popote, mpaka mwisho: kulala kwenye nyumba yake mwenyewe. Hakutaja ghorofa wala geti. Hata usiku mmoja, alikuwa akisema, ili mradi akiamka asubuhi awe ameamkia kwake.

Mwaka 1977 alikuja Dar es Salaam na mdogo wake Isack, wakafikia kwa mama yao mdogo aliyekuwa akiuza ndizi sokoni Tandale. Mwaka 1979 aliajiriwa kiwanda cha nguo, idara ya kusokota nyuzi. Viwanda vya wakati ule vilikuwa na kikundi cha utamaduni kama vilivyokuwa na zahanati, na Felicitas aliingia kikundini kwa sababu mama aliyekuwa akiigiza mkwe alikwenda likizo ya uzazi. Aliporudi, hakuna aliyemkumbusha Felicitas kurudisha nafasi ya watu.

Alifunga ndoa na Adelard Kamugisha, fundi mitambo wa kiwanda hichohicho na mwenyeji wa Muleba, Jumamosi ya tarehe 14 Julai 1984. Adelard alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kwa mgawo. Walijaliwa watoto wawili, Gladness mwaka 1986 na Theonest mwaka 1989. Walipanga vyumba viwili Mabibo, kwenye nyumba ya Bi Gulbahar Remtulla, mjane aliyekuwa akiishi upande wa mbele na mwanawe Abuzar na duka dogo la viungo. Felicitas aliingia humo akisema wanakaa mwaka mmoja tu. Alikaa miaka arobaini na mmoja.

Kiwanda kilimpunguza kazi mwaka 1996. Kwa miaka mitatu aliuza vitumbua Manzese. Mwaka 1999 alikwenda kwenye usaili wa mchezo mpya wa kuchekesha wa televisheni, uitwao *Vyumba Sita*, juu ya mama mwenye nyumba na wapangaji wake. Hakukuwa na maandishi ya mchezo. Mwongozaji alikuwa akieleza kisa kwa dakika tano, halafu kila mtu anajitafutia maneno yake mbele ya kamera. Felicitas aliulizwa kama anajua wenye nyumba wanavyoongea. Alijibu kwamba ni somo pekee ambalo hajawahi kukosa kipindi.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa Mama Notisi, aliyewakimbiza wapangaji kila Alhamisi saa tatu kasoro robo usiku kwa miaka tisa, vipindi mia nne na kumi na viwili. Aliingia vyumbani bila kubisha. Alihesabu ndoo za maji. Mpangaji mpya alipotaka kusoma mkataba, alimwekea kalamu mkononi na kumwambia, "Saini kwanza, kusoma utasoma ukihama." Maneno hayo aliyatunga palepale, na kwa muda fulani yalisemwa mpaka maofisini.

Felicitas hakuwa na televisheni. Alijitazama sebuleni kwa Bi Gulbahar, yeye na Adelard kwenye mkeka, watoto mbele. Mwaka wa kwanza, wiki moja baada ya nyingine, Bi Gulbahar alitazama kimya. Siku moja akageuka.

"Mama Gladness, yule mama wa kwenye tivii ndiyo mie?"

"Hata kidogo, Mama Abuzar. Yule ana roho mbaya."

"Leo kamfukuza yule kijana kwa kodi ya mwezi mmoja."

"Ndiyo."

"Nyie mna mitatu."

Adelard, ambaye hakuwa amesema neno tangu taarifa ya habari, alisema, "Ndiyo maana tunakaa kwenye mkeka." Bi Gulbahar alicheka mpaka Abuzar akamletea maji. Kodi ya nyumba ile haikupanda kwa miaka kumi na tisa. Adelard alifariki tarehe 3 Septemba 2002, na mwezi huo Bi Gulbahar hakubisha hodi kudai kodi.

Familia imeombwa na wengi ieleze mapato ya msanii huyu, kwa kuwa yamesemwa mengi: kwamba alikuwa na nyumba tatu Sinza, kwamba alikuwa na gari. Ukweli ni kwamba kazi yake haikuwahi kuitwa kazi wakati wa kulipwa. Alichopewa kiliitwa nauli. Mwaka 1999 nauli ilikuwa shilingi elfu tatu kwa kipindi, pamoja na soda na chapati. Baadaye ikawa elfu tano, na miaka mitatu ya mwisho elfu kumi, chapati ikaondolewa. Isack, ambaye ni mhasibu mstaafu na hana mzaha na tarakimu, amepiga hesabu: kwa miaka tisa yote, milioni mbili, laki tatu na sabini elfu.

Kwa kuwa ilikuwa nauli, Felicitas aliamua kutoipanda. Alitembea kwa miguu kutoka Mabibo mpaka studio kule Mikocheni, akikatiza Manzese na Tandale, huku watu wakimwita kutoka vibarazani, "Mama Notisi, mwenye nyumba wetu karudi, jificheni!" Naye aliwajibu kwa sauti ya kazini, bure. Kwa nauli hizo, mwaka 2004, alinunua kiwanja hiki cha Chamazi tulipokaa leo, kwa laki tatu na nusu. Kwa nauli na vitumbua alipandisha msingi, kisha ukuta, mwaka baada ya mwaka, mpaka nyumba ikafika lenta, bado paa. Hapo ikasimama, kama nyumba nyingi za jirani zetu mnazoziona.

Mchezo ulikoma mwaka 2008. Mwaka 2017 ulianza kurushwa upya, kila siku, na kuwekwa mtandaoni ambako ulitazamwa mamilioni ya mara. Felicitas alihesabu kwamba bati sasa zimepatikana. Alivaa kitenge cha harusi ya Gladness, akamchukua Isack, wakaenda ofisi za kampuni iliyotengeneza mchezo ule. Alipokewa vizuri. Kijana wa ofisini alileta majalada manne yenye karatasi mia nne na kumi na mbili, moja kwa kila kipindi.

"Shikamoo, mama. Hii ni sahihi yako?"

"Marahaba. Ni yangu. Hiyo ni karatasi ya nauli."

"Hapo juu ulipasoma?"

Juu ya kila karatasi palikuwa na mistari mitatu ya Kiingereza, herufi ndogo, kwamba aliyesaini amelipwa kila anachostahili na haki zote za kazi yake ameiachia kampuni, milele. Jamani, nani anasoma juu ya karatasi ya posho? Mtu anatafuta jina lake, anaangalia kiasi, anasaini, anauliza soda yake iko wapi. Wasanii kumi na wawili walisaini hivyo kwa miaka tisa, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa Kiingereza.

Yule kijana aliinamisha kichwa. Kisha akaomba kupiga picha naye, kwa kuwa amekua akimtazama. Felicitas alipiga picha. Alitoa hata lile jicho. Njiani Isack alikuwa anafoka, na dada yake akamwambia, "Acha, Isack. Pale juu ni kweli kabisa paliandikwa peupe, mie nilikuwa na haraka na soda." Hakwenda tena. Alirudi kwenye vitumbua akiwa na miaka hamsini na mitano, na kufikia mwaka 2022 alikuwa na bati sitini na nne, zimelazwa chini ya kitanda chake Mabibo. Alilala juu ya paa lake, na alijua inavyochekesha.

Februari 2023 iligundulika kuwa figo zake zote mbili zimeshindwa. Alitakiwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na bima hakuwa nayo, kwa kuwa nauli haikatwi bima. Theonest alimrekodi kwa simu akiomba msaada. Felicitas alikaa kitandani akasema, "Ndugu zangu, mie naumwa kweli, sina uwezo, nisaidieni." Video ilitazamwa na watu laki mbili na elfu kumi na moja. Walicheka mpaka machozi. Waliandika: Mama Notisi karudi. Waliandika: leo mwenye nyumba anaomba yeye. Wengi waliuliza sehemu ya pili inatoka lini. Zilichangwa shilingi laki moja na thelathini na saba elfu. Theonest alitaka arekodi nyingine, aeleze kwamba si mchezo. Mama yake alikataa. "Nitasemaje sasa, baba? Sauti yangu ndiyo hiyohiyo."

Ndipo bati zilipoanza kutoka chini ya kitanda. Kila safari ya hospitali ilichukua bati nane. Walipomaliza safari ya nane, kitanda kilikuwa kitupu chini. Yaliyofuata yalibebwa na watoto wake, Isack, jumuiya, na Bi Gulbahar, aliyekataa kodi kwa miaka miwili. Felicitas alimpelekea hata hivyo, kidogo kidogo, na alikuwa akiikuta asubuhi imerudishwa chini ya sufuria lake. Ugonjwa huo hakuuigiza hata siku moja. Wauguzi walipomwomba awachekeshe, aliwachekesha.

Mara ya mwisho kufika hapa Chamazi ilikuwa Januari mwaka huu. Alisimama katikati ya nyumba isiyo na paa, akamwonyesha Gladness: hapa sebule, kule jiko, hiki changu. Alimwomba amlaze humo siku hiyo hata juu ya mkeka. Mvua ilikuwa inanyesha, na Gladness akamwambia, "Mama, ukipata nafuu." Gladness ameomba hilo lisomwe.

Felicitas alifariki dunia Jumapili ya tarehe 11 Mei 2025, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Habari ilipotoka, safari hii watu waliamini. Hadi Jumanne jioni rambirambi zilikuwa milioni tisa na laki moja. Kampuni ilituma shada kubwa kuliko mlango. Kwa siku tatu za kufa kwake, Felicitas alipata karibu mara nne ya alichopata kwa miaka tisa ya kuchekesha, na hakusaini popote.

Kikao cha familia kilifanyika Mabibo, sebuleni kwa Bi Gulbahar, aliyekuwa ametoa nyumba yake yote kwa msiba. Isack alipendekeza pesa zigawanywe kama desturi: ng'ombe, mchele, maturubai, mabasi.

"Mjomba, tununue bati," Gladness alisema.

"Bati za nini? Watu wanakuja mia nne. Watakula bati?"

"Watakula maharage."

"Gladness, mama yako ni mtu maarufu. Watu watasema."

"Waseme wakiwa chini ya paa lake."

Isack alimgeukia Bi Gulbahar amsaidie, kwa kuwa ndiye mkubwa pale. Bi Gulbahar, mwenye miaka themanini na minne, alimwambia Abuzar aende kwa muuza bati anayemfahamu, aseme katumwa na mama. Isack alitoa kalamu akakata mstari juu ya ng'ombe.

Mafundi Salumu na Jamali walipiga mbao Jumatano, na msumari wa mwisho ukaingia Ijumaa saa tisa alasiri. Saa kumi na moja gari la mochwari lilifika. Mhudumu alikuwa ameshauri mwili utoke siku ya mazishi asubuhi, ndivyo inavyofanyika mjini. Gladness alikuwa amekataa. Waliobeba jeneza walitaka kulitua sebuleni, na hapo pia alikataa, akawaelekeza chumbani. Walisema mlango ni mwembamba na kona ni mbaya.

"Sebuleni wanalala wageni," alisema.

Basi walizungusha, wakainamisha, wakapitisha. Usiku wa kuamkia leo mvua ilinyesha Chamazi yote. Felicitas alilala chumbani kwake, na hakulowa.

Familia inawaomba radhi kwa maharage.

Ameacha watoto wawili, Gladness na Theonest, wajukuu watatu, mdogo wake, Isack, Bi Gulbahar Remtulla, ambaye hana undugu naye kwa karatasi yoyote, na nyumba moja, Chamazi.

Bwana amempokea. Alale kwa amani.