Mke Mwenza wa Mezani

Mshonaji alimsimulia abiria aliyekaa naye kwa sauti iliyomfikia hata dereva wa basi. "Dada, jina lenyewe ni kompyuta mpakato! Jioni nzima mume wangu kaipakata kama mwana. Nikawaka. Akaiuza, akanunua ya mezani."

"Basi si umeshinda?"

"Nimeshinda nini! Kaitia mfumo huria, ule wa bure, ambao kila mtu ana ruhusa ya kuurekebisha. Hao wengine wako wapi? Anarekebisha yeye tu, mpaka chakula kinapoa!"

"Angalau haipakati tena."

Mshonaji akanyamaza, na basi zima likashukuru. Liliposimama, akainuka na vitambaa vyake kwapani. "Meza imeegemea ukuta, dada. Zamani nilikuwa nauona uso wake. Sasa naona kisogo."