Kidole Kilichobebwa Mgongoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe pia na wale wa viti vya nyuma. Mimi ni Muriithi, mkulima wa chai hapa Othaya, na wengi wenu mnanijua. Leo nasimama kushuhudia juu ya kidole.

Ndiyo, kidole cha mguu. Najua wengine mlitarajia pombe. Pombe sijawahi kunywa, mnisamehe.

Nilizaliwa na kidole cha mwisho cha mguu wa kulia kimepanda juu ya jirani yake, kama mtoto amebebwa mgongoni. Shuleni waliniita Bebwa, na hata mwalimu akiita majina alikuwa anasema Bebwa. Kidole chenyewe hakikuwa na neno. Nikitembea shambani bila viatu sikusikia kitu. Taabu ilikuwa kiatu. Kinafinya kutoka juu, ngozi inakuwa ngumu kama punje ya mahindi, halafu ushuke mlima na gumbuti, vile viatu virefu vya mpira, siku ya mvua. Ndugu zangu, utaimba nyimbo zote za kitabu!

Nilipomaliza kidato cha nne nilitaka jeshi, na sikutaka kitu kingine. Siku ya kuchukua makurutu tulipangwa kwenye uwanja Nyeri, kaptura tu, bila viatu. Meno yangu yalikuwa sawa, kifua sawa. Afisa akafika miguuni, akagusa kidole na fimbo.

"Hii imekalia mwenzake kwa nini?"

"Nilizaliwa nayo, afande."

"Basi rudi nayo nyumbani."

Watu walicheka. Nilicheka pia, ungefanya nini? Lakini hiyo jioni nilikataa chakula, na mama yangu akajua.

Kanisa likaanza kuniombea, hapa hapa, na siwalaumu hata kidogo. Mliomba kidole kishuke. Mimi nikaona nimsaidie Mungu. Nikachukua ukanda wa mpira, ule tunafungia magunia kwa baiskeli, nikakivuta kidole chini na kukifunga. Nikilala kimefungwa, nikichuna chai kimefungwa. Mwanzo kiliuma sana. Nikakaza zaidi, kwa sababu nilijiambia ati kitu kikiuma ni dawa inafanya kazi.

Halafu maumivu yakaisha, ghafla hivi. Nikaja mbele ya kanisa, nikatoa ushuhuda wa uponyaji, mkapiga makofi, mama Wanjikũ wa kwaya akapiga na vigelegele. Haleluya! Ndugu zangu, maumivu yaliisha kwa sababu kidole kilikuwa kinakufa. Mimi na nyinyi tulishangilia kifo cha kidole, na hakuna mmoja wetu aliyesema tukione.

Siku chache baadaye makurutu wakaitwa tena. Nilifika uwanjani na kidole nimekibandika na plasta, kimelala chini vizuri kabisa. Safari hii afisa alikuwa mwanamke. Alikuja akikagua mstari, akafika kwangu, akasimama. Nadhani ni harufu. Aliniambia nikae kwenye nyasi, akapiga goti, akaibandua ile plasta yeye mwenyewe, na chini yake akakuta mpira umezama kwa nyama. Kidole kilikuwa rangi ya biringanya.

"Kijana, nani amekufanyia hivi?"

"Ni mimi, afande."

Aliniangalia. Hakunigombeza. Alisema, "Ulitaka kupoteza mguu ndio upate kazi ya kutembea?" Kisha akaita gari linipeleke hospitali. Jina lake silijui mpaka leo. Mungu anajua alipo, amlinde.

Daktari aliukata mpira, akasema tungoje. Kama damu haitarudi, kidole kitatolewa, na kama sumu imepanda, ataongea na sisi juu ya mguu. Mama alikaa kando ya kitanda na mkoba kwa mapaja. Nililala pale nikaomba, na kwa mara ya kwanza maishani sikuomba kinyooke. Nilisema, Bwana, niachie tu vile kilivyo. Basi.

Nikaanza kusikia kitu kama pilipili kwa kidole. Kikachoma, kikapiga kama ngoma, na mimi nikalia machozi ya furaha kitandani. Sista alikuja mbio akanipa dawa ya kutuliza. Nikamwambia, "Sista, wacha kiume kidogo." Alidhani nimechanganyikiwa. Mama yeye alielewa, akaanza kuimba polepole.

Daktari alinieleza yale ningeuliza mapema. Kano ya juu ya kidole ni fupi, ndiyo inakivuta, na kwa mtu mzima kamba haiwezi kuirefusha. Tafuta kiatu kipana mbele na kirefu kwa juu. Weka pamba laini kati ya vidole. Ile ngozi ngumu usikate na wembe. Ukifanya hayo yote na bado kinakutesa, kuna upasuaji. Mimi sijauhitaji. Nikienda soko ya Kagio muuza viatu ananicheka kwa sababu napima upana kwanza. Jeshi sikuingia. Chai inanitosha, na gumbuti yangu ni kubwa kuliko mimi.

Mke wangu, Wambui, ni wa Wang'uru. Amekulia kwenye matope ya mpunga. Nilipomwonyesha mguu kabla ya harusi, kwa woga, alisema, "Hiyo tu? Kwetu hatuangalii vidole, tunaangalia mchele." Nikamwoa haraka.

Sasa sababu ya kusimama leo. Mungu ametupa msichana. Kwa desturi yetu amepewa jina la mama yangu, kwa hivyo mimi namwita mami, na mnajua mtu hachezi na mama yake. Amekuja na kidole changu. Mguu ule ule, upande ule ule. Jumamosi akina mama mlikuja kumwona, na Mungu awabariki kwa uji na ndizi. Lakini mmoja wenu alileta uzi. Aliutoa kwa upendo, akasema tumfunge akiwa bado laini.

Ndugu zangu, huo uzi ulinitoa jasho. Nasema kwa heshima na nasema mara moja: mtoto wangu hafungwi. Tumempeleka kliniki, tumeonyeshwa kukinyoosha kwa vidole viwili, polepole, akioga, na wakiona inafaa wataweka plasta nyepesi wao wenyewe. Kikinyooka, asante Bwana. Kisiponyooka, asante Bwana, ana baba wa kumtafutia viatu.

Na wewe uliye na kitu umekifunga mahali hatuoni, na umeacha kusikia uchungu, usitoe ushuhuda bado. Fungua kwanza. Yesu anakiweza hicho unachoficha, na kama ni cha daktari, atakupa na daktari.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Mtoto yuko pale nyuma na Wambui, ana soksi nyeupe. Ibada ikiisha nendeni mumwone. Mvueni soksi, muangalie mpaka mtosheke, mcheke mkitaka. Kisha mmrudishie soksi yake, kuna baridi.